TAHADHARI!! Mzee anayeuza dinari za Mark Antony pale Porta Portese ni TAPELI

Wadau wa sarafu, hasa mlioko Italia na mnaopanga kupita Roma, someni hii kabla ya Jumapili. Nimelizwa. Euro 140 zimeondoka hivihivi na hasira niliyonayo hata chai haipiti.

Dinari niliyokuwa naitafuta mnaijua, ile sarafu ya fedha ya Kirumi ya Mark Antony, yule jenerali wa Roma. Sasa nakatiza zangu Porta Portese, ule mnada wa vitu vya zamani wa Jumapili pale Roma, namuona mzee mmoja hapigi kelele kama wenzake, katandika kitambaa chekundu, juu yake taa za udongo, funguo zenye kutu na sarafu chache tu. Nainama, naiona. Upande mmoja merikebu ya makasia, naigeuza, tai wa jeshi, chini yake LEG X, yaani legioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi) ya kumi. Moyo paa! Mzee wala hanitazami, ananisogezea tu kioo cha kukuzia, ananiambia angalia taratibu, haraka ya nini.

Na msije mkasema sikumpima, nilimtega kabisa. Nikamuuliza hii legioni ya kumi kwa nini iliitwa ya wapanda farasi wakati ni askari wa miguu? Akajibu palepale, kwamba mwaka 58 KK Julius Caesar alikuwa anaenda kuonana na Ariovistus, mfalme wa Wajerumani, hakuwaamini wapanda farasi wa Kigalia, akachukua farasi wao akawapandisha askari wa legioni ya kumi, na askari mmoja akatania kwamba bosi katupandisha cheo. Mtu anayejua mpaka utani wa askari wa miaka elfu mbili iliyopita, we ungemdhania mwizi? Nikamwambia mbona fedha yake imefifia, kama ina wekundu. Hapo ndo akanimaliza. Akasema kijana wangu, Antony alizitoa hizi mwaka 32 na 31 KK kulipa jeshi kabla ya vita vya Actium, askari wengi, fedha haba, akachanganya na shaba, kwa hiyo ukiona inang'aa sana ndo uiogope. Na ni KWELI jamani, hayo yote ni kweli, nimeyasoma mwenyewe! Akasema ilitoka shambani kwa babu yake karibu na Ostia. Alianzia 200, tukashuka, akanifungia na cheti chenye muhuri, nikampokea kwa mikono miwili na asante juu, kama kanioza binti yake.

Nikaenda dukani kwa muuza sarafu mmoja kujitapa. Hakushika hata kioo. Akapitisha ukucha ukingoni, akaiweka kwenye mizani, gramu 2.4, wakati zile halisi zinacheza kwenye 3 na nusu hivi. Akanitazama kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko tusi, na mteja mwingine pembeni anacheka waziwazi.

Linaloniua zaidi, shemeji kapita pale baadaye kanitumia picha: zimepangwa tatu, zote LEG X, zote na mkwaruzo uleule kwenye bawa la tai! Warumi waligonga moja moja kwa nyundo, mkwaruzo utafananaje? Hizi zimemiminwa kwenye kalibu moja.

Huyu mzee afungwe, tena afungwe hasa. Ulpian, mwanasheria wa Kirumi, aliandika kuwa anayeghushi sarafu za dhahabu, kama ni mtu huru atupiwe wanyama wakali, na Colosseum si ile pale, simba tu ndo wameisha. Hizi ni za fedha najua, lakini mimi ningemhesabia tu.

Haya, cha kuangalia: mstari unaozunguka ukingo, vitundu vitundu vya mapovu, uzito, na cheti kisicho na jina wala namba ya simu (changu kilikuwa hivyo, muhuri ulinipofusha). Na akikwambia imetoka shambani, kimbia, maana Italia kinachochimbuliwa ardhini ni mali ya serikali, na Carabinieri, wale polisi wa Italia, wana kikosi cha kazi hiyo tangu 1969, ingekuwa halisi ningeshikwa mimi.

Amevaa kofia ya kijivu, anaongea polepole. Mwenye picha yake anitumie inbox, kesho nawapelekea hao hao Carabinieri na dinari yao feki.