TAHADHARI: Bibi mwenye leso ya buluu kwenye tangazo la safari za Fort Jesus ni mama yangu, na tulitapeliwa

Ukiona tangazo la safari za Mombasa lenye picha ya bibi aliyeshika mkongojo, amejitanda leso ya buluu, na chini pameandikwa "Mteja wetu ameridhika", usitume hata shilingi moja. Huyo ni mama yangu. Picha hiyo nilimpiga mimi mwenyewe barazani kwake, nikamtumia tapeli mwenye tangazo hilo ili mwongozaji amtambue mama akifika langoni. Mama hakuridhika. Mama alikaa nje ya lango la Fort Jesus, ile ngome kongwe ya Mombasa, karibu saa nzima, jua la alasiri likimpiga usoni, huku mimi nikihangaika na simu isiyopokewa.

Nimekaa na jambo hili wiki tatu kwa aibu. Wale wa chama chetu cha kuchangiana pesa mlioniuliza zamu yangu ya kupokea mwezi wa saba ilifanya nini nikawajibu mkato, ndiyo hii. Mniwie radhi. Sikuwa na nia ya kuliandika popote, lakini jana usiku nimeliona tangazo lake limerudi, ukurasa mpya, jina jipya, na mama yangu yuleyule anatabasamu pale kama chambo.

Mnaojua habari za babu mnajua kwamba kwetu hii haikuwa safari ya kutembea tu. Ngome ile ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, na babu alitiwa humo kwa ajili ya kodi. Mama alikuwa na miaka saba siku bibi alipomshika mkono wakaenda hadi langoni na bakuli la chakula, askari akawarudisha. Mwaka huu ndipo akasema anataka kuingia kabla magoti hayajakataa kabisa.

Niliuliza tu kwenye kundi la wasafiri: mtu mwenye magoti mabovu anaweza kuingia Fort Jesus? Nilikuwa nimesikia kwamba ukishapita lango kuna njia ya kupanda. Hazikupita dakika kumi, yule mtu akaniandikia faragha. Hakuanza na bei, alianza na mama. "Mfikishie mama shikamoo yangu. Ni goti la kulia au la kushoto?" Jamani, tapeli gani anauliza goti lipi? Kisha akasema wana kiti cha magurudumu, na kitakuwa kinamsubiri langoni. Nadhani mimi nilinaswa hapo hapo, kwenye kile kiti. Mengine yote yalikuwa nyongeza.

Akaanza kunitumia ujumbe wa sauti. Nilikuwa jikoni napepeta mchele, mama amekaa kwenye kigoda pembeni, nikaweka simu juu ya ndoo tukasikiliza wote wawili. Sauti ya upole, Kiswahili cha Mvita kilichonyooka. Akaeleza Wareno walivyoanza kujenga mwaka 1593 wakamaliza 1596, kwamba aliyechora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na kwamba ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Akaeleza Waomani walivyoizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, njaa na maradhi yakawamaliza waliokuwa ndani. Akaitaja hata ile meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome 1697, na vyombo vilivyoopolewa humo vikawekwa kwenye makumbusho. Baadaye nilikwenda kuhakikisha, na alikuwa hajakosea popote. Lakini ni habari ambazo yeyote anaweza kuzisoma, na mimi nikazichukulia kwamba huyu ni mwenyeji wa ngome.

Mama akasema, "Huyu ni mtoto wa watu." Nami nikasema ndiyo.

Bei ilikuwa Sh. 12,500 kwa kila mtu, tukiwa sita: kiingilio na mwongozaji, malazi ya siku mbili Mji wa Kale, chakula cha mchana, na jahazi jioni. Nilipomuuliza kuhusu treni akanijibu, "Hiyo nunueni wenyewe, dada, msije mkasema nimewapandishia bei." Nawaomba mlielewe hili kabla hamjaniita mjinga, maana shemeji yangu ameshaniita. Mtu anakataa pesa ya treni! Ningemshuku vipi? Sasa naelewa kwamba tiketi ya treni inabeba namba yako ya kitambulisho na inakaguliwa kabla hujapanda, kwa hiyo angeumbuka Nairobi tungali nyumbani. Alihitaji tufike mbali kwanza.

Nikatuma Sh. 30,000. Siku mbili baadaye akapiga simu mchana, niko dukani na wateja wawili mbele yangu. Akasema mfumo wa makumbusho unafunga saa kumi kamili, nisipomaliza salio nafasi zetu zinakwenda kwa kundi la Wajerumani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Nikaandika namba, nikaandika 45,000, na kwenye kioo likatokea jina la mwanamke nisiyemjua. Nililiona. Kidole changu kilisimama juu ya kitufe. Nikamwambia, "Mbona hapa naona jina jingine?" Akanijibu papo hapo, bila hata kuvuta pumzi, "Huyo ni mhasibu wetu, dada, mimi sishiki pesa za wageni." Mteja mmoja akagonga kaunta kwa sarafu. Nikaweka namba ya siri.

Usiku akanitumia karatasi sita, kila moja na jina la mtu wetu, nembo juu, na ule mchoro wa miraba myeusi wa kumulikwa na simu. Nilikwenda kuzichapisha kwa rangi. Mama aliikunja ya kwake akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala.

Siku yenyewe tulipanda treni ya saa mbili asubuhi. Njia nzima alikuwa anatuandikia: mmefika wapi, mama amekunywa chai? Tulipokaribia Voi akasema gari la kutupokea Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, limeharibika, amepata jingine lenye nafasi ya kiti cha magurudumu ila dereva anataka Sh. 4,800 kabla hajatoka. Nikatuma nikiwa ndani ya treni. Hiyo ndiyo inayonichoma kuliko zile elfu sabini na tano. Alikuwa anajua tumeshakwisha, bado akanyoosha mkono tena, na akalitaja goti la mama ili apewe.

Baada ya hapo simu haikupokewa tena. Miritini hapakuwa na mtu. Abiria wote waliondoka, tukabaki sisi na mizigo yetu, watoto wanalia njaa. Nikakodi gari kwa pesa ya akiba. Bado nilikuwa najiambia labda simu yake imezima. Nilikuwa namtetea kwa mdogo wangu ndani ya gari!

Pale langoni kijana wa zamu alichukua karatasi ya mama, ile iliyokunjwa mara nne, akaifungua taratibu juu ya meza na kuilainisha kwa kiganja. Akaimulika kwa simu yake. Ikafungua ukurasa mtupu. Akajaribu ya pili, ya tatu. Kisha akaniangalia, akateremsha sauti ili mama asisikie: "Dada, hii si yetu. Na ninyi si wa kwanza." Akanieleza kwamba kiingilio kinalipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, kwa ile namba ya 222222, na kwamba mwananchi mwenye kitambulisho halipi sawa na mgeni, wala mtoto halipi sawa na mtu mzima. Pesa aliyotutoza yule mwizi ingetuingiza pale siku nyingi.

Mama alisikia. Alikuwa amekaa karibu na mizinga, akauliza, "Tunarudishwa?"

Hatukurudi. Nililipa upya kwa nauli ya kurudia nyumbani. Kiti cha magurudumu hakikuwepo, tukamshika mama huku na huku tukapanda ile njia pole pole, tunapumzika kila hatua kumi. Mfanyakazi mmoja wa pale, Mungu ambariki, alimletea kiti cha plastiki uani. Mama akauliza wafungwa walikuwa wanakaa wapi, akaonyeshwa kwa mkono. Hakuweza kufika. Alitazama tu upande ule hadi wakati wa kufunga.

Malazi ndiyo sitaki hata kuyasimulia. Mahali alipotuelekeza ni duka la fundi cherehani, naye alikuwa ameshazoea kugongewa na watu kama sisi. Tulilala Kisauni kwa shangazi, ambaye sikuwa nimemwambia kwamba tunakuja. Watu sita usiku saa tatu, mikono mitupu. Alitupokea vizuri, na ndiyo maana aibu ilizidi.

Kurudisha pesa nilijaribu. Nilituma ule ujumbe wa malipo kwa 456, namba ya kuomba pesa irudishwe, tulipotoka ngomeni, kabla hata hatujayafikia yale malazi ya Mji wa Kale, nikajibiwa zimeshatolewa, hata zile 4,800. Nimeandikisha polisi, nina namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Jina alilonipa silitaji hapa kwa sababu si lake, na lile la mwanamke huenda ni la mtu aliyeibiwa laini. Sitaki asiye na hatia ashambuliwe.

Mtaniuliza dalili zilikuwa zipi. Jina la malipo lisilo lake, hilo nimesema. Kila nilipotaka tuonane kwa video mtandao ulikuwa mbaya, lakini kwa ujumbe wa sauti haukuwa mbaya hata siku moja. Hakuwahi kuuliza vitambulisho wala umri wa watoto, na kiingilio cha kweli hakiwezi kupigiwa hesabu bila hivyo. Alisema saa kumi ndiyo mwisho, wakati ngome iko wazi kila siku hadi saa kumi na mbili jioni. Kwenye picha yake ana kitambulisho shingoni lakini maandishi hayasomeki. Na mwongozaji anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, mimi sikuiomba. Waongozaji mtawapata palepale langoni, mnapatana bei ana kwa ana, mnaingia.

Huyu mtu afungwe. Sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2018, isiwe ya maandishi tu. Nataka asimame mbele ya hakimu na asomewe majina ya kila aliyemtapeli, na la mama yangu lisomwe kwa sauti. Anatumia ngome yetu, historia yetu, Kiswahili chetu kizuri, kuwaibia wazee. Waliomtumia pesa mko wengi, najua mnaona haya kama nilivyoona mimi. Nendeni mkaandikishe kituo chochote cha polisi kilicho karibu nanyi, kisha niandikieni namba zenu za OB ili tuzipeleke kwa wapelelezi pamoja. Ya mtu mmoja inawekwa kando.

Na tafadhali, kila mwenye simu aingie kwenye lile tangazo aliripoti. Nimeripoti mara nne tangu jana na bado lipo. Mama hajaliona. Asubuhi hii ameniuliza kama tukienda tena Desemba, kile kiti kitapatikana.