Muziki kwa spika tano: uzoefu wangu na SACD, DVD-Audio na Dolby Atmos

Niseme mapema: kati ya vifaa vyote nilivyonunua kwa ajili ya muziki, hakuna kilichonipa raha kama mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa. Watu wengi huufunga kwa ajili ya filamu, muziki wakauachia stirio. Mimi filamu sitazami sana. Ila albamu iliyochanganywa vizuri kwa chaneli sita hunikalisha kitini mpaka wimbo wa mwisho.

Nina resiva (kifaa kinachopokea sauti na kuziendesha spika) yenye HDMI, spika tano za ukubwa wa wastani, sabufa moja, na deki inayosoma CD, Blu-ray, na SACD na DVD-Audio, ambazo ni aina mbili za diski za muziki zinazoweza kubeba chaneli nyingi. Deki ya namna hiyo ndiyo ngumu kupata, kwa sababu deki nyingi za Blu-ray hazisomi SACD wala DVD-Audio. Kabla ya kulipa, tafuta nembo za miundo hiyo kwenye kifaa chenyewe.

Kwenye stirio mwimbaji husikika katikati kwa sababu sauti yake inatoka sawasawa kushoto na kulia, halafu ubongo unamweka pale kati. Ukisogea kidogo upande mmoja, naye anahama. Spika ya katikati inamshikilia mahali pake, kwa hiyo hata mtu aliyeketi pembeni anapata haki yake. Lakini raha yenyewe iko nyuma. Nina SACD ya kwaya iliyorekodiwa kwenye ukumbi mkubwa. Nikiisikiliza kwa spika mbili, mwangwi wa ukumbi unatoka palepale zinapotoka sauti za waimbaji, na maneno yanapotelea humo. Nikiisikiliza kwa spika tano, kwaya inabaki mbele na sehemu kubwa ya mwangwi inanifikia kutoka nyuma, ikiwa imechelewa kidogo. Hapo maneno yanafunguka: nasikia herufi za mwisho wa kila mstari, nasikia sauti ya pili ikivuta pumzi kabla ya kuingia. Nikizima spika za nyuma kwa rimoti, ukumbi unatoweka na waimbaji wanabaki kama wamebandikwa ukutani.

Rekodi nyingine hupeleka vyombo vyenyewe nyuma: gitaa la pili, ngoma ndogo, waitikiaji. Hapo unamtegemea kabisa aliyechanganya. Anayejua kazi anawaweka waitikiaji nyuma yako na wewe unajikuta katikati ya kundi. Asiyejua anazungusha ngoma kutoka kona hadi kona ili tu ujue spika za nyuma zipo, na hizo sizirudii.

Sasa suala la ubora wa dijitali, ambalo watu hulibishania sana. CD, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, inatumia biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde. Kiwango hicho kinabeba mawimbi hadi karibu hertz 22,000, na sikio zima la kijana linaishia kwenye 20,000 hivi. Nilichukua faili ya FLAC, yaani muundo unaobana sauti bila kutupa kitu, ya biti 24 na kHz 96 (sampuli 96,000 kwa sekunde), nikatengeneza kutokana nayo nakala ya kiwango cha CD, nikasawazisha ukubwa wa sauti, kisha nikamwomba mwenzangu awe anabadilisha bila kuniambia. Sikuweza kuzitofautisha. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha kwenye jarida la Audio Engineering Society jaribio lililopitisha sauti ya SACD na DVD-Audio kwenye kiwango cha CD, na wasikilizaji wao nao hawakuweza kutofautisha.

Basi kwa nini SACD nyingi zinasikika vizuri kuliko CD? Mara nyingi ni masta, yaani rekodi ya mwisho iliyoandaliwa kwa ajili ya kunakiliwa kwenye diski. Diski nyingi za SACD zina tabaka mbili, moja ikiwa ya CD ya kawaida, na tabaka hizo si lazima zitokane na masta moja. Masta iliyokandamizwa ili ipige kwa nguvu itachosha masikio hata ukiiweka kwenye biti 24. Kwa stirio mimi naridhika na FLAC ya kiwango cha CD, na fedha zangu nazipeleka kwenye chaneli nyingi.

Kubana sauti kwa kutupa sehemu yake ni jambo jingine, na huko tofauti naisikia. Dolby Digital, mbinu ya kubana ya namna hiyo, kwenye DVD haizidi kilobiti 448 kwa sekunde, na hizo zinagawanywa kwa chaneli sita, wakati CD inatumia 1,411 kwa chaneli mbili tu. Diski nyingi za DVD-Audio zina sehemu zote mbili: ile isiyotupa kitu, na ile ya Dolby Digital iliyowekwa ili deki za kawaida za DVD ziweze kuipiga. Nimezilinganisha kwenye diski ileile. Mpiga ngoma anapogusa matoazi taratibu, sehemu ya DVD-Audio inauacha mlio ufifie polepole mpaka uishe. Kwenye Dolby Digital mkia wa mlio unachakaa, kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Watu wengi wanaosema walisikia DVD-Audio na hawakuona cha ajabu, walichosikia ni hii ya pili.

Na hapo waya una kazi yake. Waya wa optiko hauwezi kupitisha chaneli sita ambazo hazijabanwa. Unapitisha mbili, au sita zilizobanwa. Tumia HDMI, au zile nyaya sita za analogi kama resiva yako ni ya zamani. Kisha tazama kioo cha resiva. Kikiandika Dolby Digital wakati umeweka DVD-Audio, ingia kwenye menyu ya diski uchague sehemu nyingine.

Fundi aliyenifungia alizipachika spika za nyuma juu ukutani, nyuma kabisa ya kiti. Kwa filamu inapita. Kwa muziki, pendekezo la ITU (Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano) ni spika za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande kutoka katikati, na zile za nyuma kati ya 100 na 120, yaani pembeni zikirudi nyuma kidogo, si kisogoni. Nilizishusha hadi usawa wa masikio nikazisogeza hapo. Badiliko hilo nililisikia kuliko lolote lililowahi kuletwa na aina ya faili: waitikiaji waliokuwa wamegawanyika sauti mbili za mbali wakaungana na bendi ya mbele. Kipimo cha kujiendesha cha resiva, kile cha kipaza sauti kidogo, sikukipenda. Kilizipandisha mno spika za nyuma na kuzipa za mbele besi zisizoiweza. Nikarekebisha kwa mkono: spika zote nikaziandika "ndogo" kwenye menyu, besi za chini ya hertz 80 zote ziende kwenye sabufa. Kama una SACD, hakikisha mpangilio huo unafanya kazi pia kwa DSD, mfumo wa dijitali unaotumiwa na SACD, kwa sababu baadhi ya vifaa huuruka na besi inapotea. Mimi nimeiambia deki igeuze DSD kuwa PCM, mfumo unaotumiwa na CD, na sijapoteza chochote ninachoweza kukisikia.

Dolby Atmos, mfumo unaoweza kupeleka sauti hadi juu ya kichwa, nimeisikiliza kwa njia mbili. Apple Music walianza kuitoa mwaka 2021, na inayokuja kwa intaneti hapo imebanwa. Ile ya Blu-ray ikiwa ya muundo wa TrueHD haijapoteza kitu. Nikizipiga zote mbili kwenye spika zangu tano, nachagua diski bila kusita. Kwa hedifoni bado haijanishika: vilivyopaswa kuwa mbele vinaniganda kichwani, na mwimbaji anapata mwangwi ambao kwenye stirio hana. Masikio ya watu hayafanani, na hesabu inayokikadiria kichwa cha mtu wa wastani inaweza kukufaa wewe isinifae mimi.

Spika za darini sijafunga na sina haraka. Muziki mwingi ninaoupenda umechanganywa kwa 5.1 na hauna chochote cha kupeleka juu. Ninachokisaka sasa ni DVD-Audio za zamani, ambazo hazitengenezwi tena kama zamani, na Blu-ray za sauti, ambako naona matoleo mapya ya chaneli nyingi yakiendelea kutoka.