Hadithi ya mwisho haina mwisho: uzoefu wangu na kitabu kilichochapwa upya

Nina hasira. Nimesubiri zaidi ya wiki nikidhani itapoa, haijapoa.

Mimi ni mtu wa hadithi fupi. Riwaya nasoma, ila raha yangu hasa ni kufukua mikusanyiko ya waandishi waliosahaulika, wale waliotoa kitabu kimoja au viwili, kikaisha sokoni na jina likapotea nacho. Kwa hiyo nilipowakuta mtandaoni hawa jamaa wanaochapa upya vitabu vya zamani, nakala moja moja kadiri unavyoagiza, nilifurahi mno. Nikaagiza mkusanyiko wa mwanamke mmoja ambaye sijawahi kusikia mtu akimtaja.

Na jamani, mama huyo anaandika! Kuna hadithi ya mjane anayemuuzia jirani cherehani ya marehemu mumewe, halafu kila usiku anaisikia ikishona upande wa pili wa ukuta. Basi, hakuna jingine linalotokea. Nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu.

Kasoro nilianza kuziona mapema, nikazipuuza. Ukurasa mmoja una kivuli cha kidole cha aliyepiga picha kitabu cha awali. Kwingine mama anamuuliza mwanawe amekula nini, mtoto anajibu "114". Ni namba ya ukurasa! Programu ya kusoma herufi kwenye picha imeizoa na kuitumbukiza katikati ya mazungumzo, na hakuna binadamu aliyepitia. Nikasema haya, tuvumilie.

Halafu ikaja hadithi ya mwisho. Ndugu wawili hawajasemezana miaka mingi. Mkubwa amesafiri kutwa nzima, amefika, amebisha hodi. Mlango unafunguliwa na mdogo wake anasema, "Sikushangaa kukuona, kwa sababu". Nikageuza ukurasa. Nikakuta orodha ya vitabu vingine wanavyouza.

Riwaya ikipungukiwa ukurasa, utakisia na safari itaendelea. Hadithi fupi haina nafasi hiyo. Mwandishi amebana maneno mwanzo hadi mwisho ili yale machache ya kumalizia yafungue yote yaliyotangulia. Ukishasema "Paukwa" ukaitikiwa "Pakawa", una deni kwa anayekusikiliza.

Nikawaandikia kwa adabu, nikaambatanisha picha. Wakajibu: "Ndugu mteja, kitabu kimekamilika kulingana na nakala tuliyonayo." Nikaandika tena kueleza kwamba sentensi imekatika njiani. Safari hii mtu mwingine, au ndiye yule yule, akanijibu: "Ni kitabu cha zamani sana, wewe ndiye wa kwanza kulalamika. Hakuna anayekisoma."

Maneno hayo yameniuma kuliko ukurasa wenyewe. Hakuna anayekisoma, ndiyo maana nikakinunua! Lucia Berlin, mwandishi wa hadithi fupi wa Marekani, naye alifariki mwaka 2004 akijulikana na wachache, na mwaka 2015 hadithi zake zilipokusanywa upya zikauzwa kama njugu. Mmarekani mwingine, mwandishi Zora Neale Hurston, alizikwa mwaka 1960 katika kaburi lisilo na alama, mpaka mwandishi mwenzake Alice Walker alipokwenda kulitafuta mwaka 1973 na kumwekea jiwe. Wote wawili walirudi kwa kuwa kuna mtu aliyewasoma mpaka nukta ya mwisho. Hawa wachapaji wangu wanachojua ni kwamba mwandishi akishatimiza miaka 50 au 70 kaburini, kutegemea nchi, hakimiliki inaisha na hakuna wa kuwashtaki.

Nilikusudia kuwapa nyota moja. Nikatulia, nikawaza kwamba bila wao nisingeisikia ile cherehani. Wengine wote wamemtupa mama huyu, hawa angalau wamemchapa, tena jalada zuri, jina lake limeandikwa sawasawa. Nikapandisha hadi nyota tatu. Kisha nikausoma tena ule ujumbe wao. Hapana. Ni moja, na hiyo moja ni ya mama, si yao.

Ukurasa wenyewe nimeupata. Nakala nzima ya chapa ya kwanza ipo Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, unafungua na kusoma bure. Kuutafuta kulinichukua muda mfupi kuliko kuandika malalamiko yangu ya kwanza, na kazi hiyo ilikuwa yao. Ni mistari tisa tu. Nimeinakili kwa mkono, karatasi nimeikunja na kuipachika mwishoni, juu ya ile orodha ya bidhaa zao.

Kama nawe umenunua kitabu hicho na umekwama mlangoni pamoja na wale ndugu, mdogo mtu anamalizia hivi: "kwa sababu miaka yote hii natandika vitanda viwili."