Mafunzo ya kudijitisha nyaraka: mkufunzi mmoja alinitia hasira, mwingine karibu anisahaulishe

Ukitaka ratiba, ada na orodha ya mada, tangazo lao lina kila kitu. Mimi nimekuja kusema habari ya JPEG, ile aina ya faili ya picha inayobanwa iwe ndogo.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya wakutubi na watafiti, kitambo kidogo sasa: namna ya kugeuza vitabu na nyaraka za zamani ziwe picha na maandishi ya kompyuta. Nilikwenda na hamu kubwa, maana chumba cha nyaraka ndicho kazi yangu ya kila siku, na karatasi zinachakaa huku tunaziangalia.

Basi, mkufunzi wa upande wa picha akaweka barua ya zamani kwenye skana. Pembeni mwa barua kulikuwa na maneno ya penseli, hafifu mno, na mzee mmoja mtafiti akasema wazi kwamba hayo ndiyo yaliyomleta. Mkufunzi akaskani, akahifadhi kama JPEG, halafu akaibana faili hadi mwisho “iwe nyepesi kutuma”. Alipoikuza kwenye skrini, penseli haikuwapo. Kulikuwa na vijiraba vya kijivu tu. JPEG ndivyo ilivyo: huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ukiibana sana, kitu hafifu ndicho cha kwanza kutupwa. Wala kadi ya rangi, ya kulinganishia rangi za picha na za karatasi yenyewe, hakuiweka. Wala rula ya kuonyesha ukubwa. Na kingo za karatasi alizikata kwenye picha “ipendeze”.

Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa adabu: nakala mama ya TIFF iko wapi?

Akacheka. “Dada yangu, wewe si mkutubi? Kazi yako kupanga vitabu. Haya ya picha tuachie sisi.” Na ukumbi ukacheka naye.

Sasa nisikilize wewe uliyecheka, kama unasoma hapa. Nakala mama ni ile picha kamili isiyobanwa, kwa kawaida faili ya aina ya TIFF, unayoiweka pembeni na huigusi. JPEG unaitengeneza kutoka kwayo, kubwa au ndogo upendavyo, hata ukihitaji mia. Ukianza na JPEG umeshakata mti. Kila ukiihariri na kuihifadhi tena, inapoteza kingine. Na karatasi iliyochoka huirudishi chini ya mwanga wa skana kila mara kwa sababu mtu alitaka faili nyepesi.

Sawa, nimtendee haki kidogo: TIFF inakula diski kweli. Ukurasa mmoja wa A4 wa rangi, pikseli 300 kwa inchi, ni takriban megabaiti 26. Kitabu cha kurasa 300 kinakaribia gigabaiti 8. Kwa taasisi isiyo na fedha huo ni mzigo, na kama angejibu hivyo tungezungumza kama watu wazima. Hakujibu hivyo. Alinijibu habari ya kupanga vitabu.

Kipindi cha programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha sikukifuatilia vizuri, nilikuwa bado nachemka. Nakumbuka tu walijisifu kwamba inapatia herufi 99 katika kila 100. Piga hesabu: ukurasa wenye herufi 2,000 utakuwa na makosa 20. Kwenye skrini yangu “karne ya 19” ilitoka “kame ya 19”, kwa sababu r na n zikikaribiana mashine inaona m. Mtafiti akitafuta “karne” katika mkusanyo huo hataupata ukurasa ule, na hatajua kwamba umemkosa. Hilo hawakulisema.

Halafu akaja yule mama wa TEI.

Jamani. Nilishapanga kuondoka mchana ule. TEI ni kanuni za kuweka alama ndani ya maandishi, zilianza kuandaliwa mwaka 1987, kabla hata ya wavuti, ndiyo maana nilizitarajia kama adhabu. Yeye akachukua mstari mmoja tu wa barua, wenye neno lililokatwa na jingine limeandikwa juu yake, akatuuliza: mnataka msomaji aone nini? Hapo ndipo alama zikaanza kuingia moja moja: hili limefutwa, hili limeongezwa, hapa hapasomeki vizuri, hapa karatasi imeliwa. Mzee mtafiti alisogeza kiti mbele kama mtoto. Kwenye herufi za mlazo akasema usiandike kwamba ni za mlazo, andika ni za nini: jina la kitabu, neno la kigeni, au mkazo. Nikauliza maswali, mengine ya kijinga. Alijibu yote, na kila mara alianza na “Mkutubi amegusa jambo”.

Kwa ajili yake nilikuwa tayari kusema nendeni. Hata nyota nne nilishazitoa moyoni.

Ila mwisho wakatugawia flashi za kazi zetu, na barua ile imo kama JPEG ileile, penseli haipo. Jina la faili: “barua mwisho kabisa mpya 2”. Nani ataipata baada ya miaka 10? Cheti kimesainiwa na yule bwana. Fomu ya tathmini iliuliza viti na kiyoyozi, ya wakufunzi haikuwa na hata mstari. Nikawaandikia kuomba barua iskaniwe upya kwa ajili ya mzee. Jibu lililokuja ni tangazo la awamu inayofuata, punguzo kwa wanaojisajili mapema.

Nyota mbili basi. Nyingine mbili ni za yule mama, nitampa mwenyewe nikimwona. Akianza kufundisha peke yake, hata picha, mnishtue. Nitalipa ada kamili.