Siku sita katika hoteli ya bei nafuu La Paz, mita 3,640 juu ya usawa wa bahari

Mimi na dada yangu ni watu wa Tanga, na maisha yetu yote tumelala karibu na bahari. Mwezi Julai tulifika La Paz, mji wenye makao ya serikali ya Bolivia, tukalala siku sita, kuanzia tarehe 11 hadi asubuhi ya tarehe 17, katika hoteli ndogo iliyoko kwenye mtaa unaopanda nyuma ya kanisa la San Francisco. Chumba cha vitanda viwili chenye bafu ndani, pamoja na kifungua kinywa, kilitugharimu boliviano 150 kwa siku, na malipo yalikuwa ya fedha taslimu. Jina la hoteli naliacha, kwa sababu nina malalamiko mawili juu yake na sipendi kuwaharibia kazi watu waliotutunza vizuri. Tena mengi nitakayoyaeleza, msafiri atakutana nayo katika hoteli nyingine za bei hiyo mjini humo.

Kabla ya kuieleza hoteli, lazima nieleze mwili unafika katika hali gani. Uwanja wa ndege wa El Alto, ambao ndio unaohudumia La Paz, uko mita 4,061 juu ya usawa wa bahari. Sisi tulitokea Santa Cruz de la Sierra, mji ulioko kwenye mita 400 na kidogo tu, na safari ya ndege ilichukua muda wa saa moja hivi. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hutembea siku mbili ndipo walale Horombo, kwenye mita 3,720, na wengi huongeza siku nyingine hapo hapo ili mwili uzoee. Sisi kimo cha namna hiyo tulikifikia tukiwa tumekaa kitini. Katikati ya La Paz ni chini kidogo ya uwanja wa ndege, kwenye mita 3,640 hivi. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile asilimia 21 tuliyoizoea pwani, lakini mgandamizo wa hewa umeshuka hadi karibu theluthi mbili ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Moyo huenda mbio, kichwa hugonga, hamu ya chakula hupotea. Wenyeji huiita hali hiyo soroche. Mtu aliyefika namna hii hana haja kubwa na picha za ukutani wala ukubwa wa televisheni. Anachohitaji ni ngazi chache, mablanketi ya kutosha, maji ya moto, na mtu aliye macho usiku wa manane.

Kwenye ngazi ndipo hoteli yetu ilipokosea kwanza. Tangazo tulilolisoma wakati wa kuweka nafasi lilisema kuna lifti. Lifti haikuwapo, wala hapakuwa na dalili kwamba iliwahi kuwapo, na chumba tulichopangiwa kilikuwa ghorofa ya nne. Ngazi zenyewe zilikuwa safi, za mawe, zenye mwinuko mkali. Kijana wa mapokezi alichukua mabegi yote mawili akapanda nayo kama mtu anayetembea sebuleni kwake, wakati mimi, ambaye nyumbani hutembea kilomita kadhaa kila siku bila shida, nilisimama mara tatu. Dada yangu ana miaka 60 na anatumia dawa ya shinikizo la damu, ingawa daktari wake alimruhusu kusafiri baada ya kumpima. Alipofika ghorofa ya pili aliketi kwenye ngazi akaniambia, "Mdogo wangu, hapa tupumzike, moyo unanikimbia." Tulikaa pale karibu robo saa. Niliteremka peke yangu kuomba chumba cha chini, nikajibiwa kwamba siku hiyo hakuna, ila kesho yake wageni wawili wa ghorofa ya kwanza wangeondoka. Kesho yake, kabla hata sijauliza, walikuwa wamekwisha kuhamisha mizigo yetu. Siku moja ile ya ghorofa ya nne, hata hivyo, ilitugharimu matembezi yote ya siku ya kwanza, kwa kuwa kila aliyetaka kutoka alifikiria kurudi kwake.

Kosa la pili lilihusu baridi. Julai ni katikati ya majira ya baridi na ukame huko. Mchana jua huchoma uso hata ukavaa kofia, lakini likishatua tu joto huporomoka, na alfajiri hukaribia nyuzijoto sifuri. Majengo mengi ya mji huo hayana mfumo wa kupasha joto. Tangazo la hoteli lilisema vyumba vina joto. Chumbani tulikuta hita ndogo ya umeme isiyowaka, na tulipoeleza tuliletewa nyingine iliyowaka lakini ikazima umeme wa ghorofa nzima baada ya dakika kumi, ndipo tukaombwa tusiitumie tena. Kwangu hili ni zito kuliko la lifti. Mgeni anayesoma kwamba chumba kina joto huacha nguo nzito nyumbani, na mzee au mtoto anaweza kuugua kwa sababu ya maneno mawili yaliyoandikwa bila uangalifu.

Mablanketi, kwa upande mwingine, yalitosha. Kila kitanda kilikuwa na matatu, mazito ya sufu, na tulipoomba la nne tuliletewa bila kununiwa. Uzito wake unahitaji kuzoewa, kwa sababu kifua ambacho tayari kinatafuta hewa hakipendi kuelemewa. Dada yangu aliishia kulala na mawili pamoja na sweta na soksi, akaona afadhali. Chumba cha ghorofa ya kwanza kilikuwa na faida nyingine ambayo sikuitarajia. La Paz iko kusini mwa ikweta kama Tanga, bali mbali zaidi, kwenye latitudo ya 16 na kidogo, kwa hiyo mwezi Julai jua hupita upande wa kaskazini. Dirisha letu jipya lilitazama kaskazini. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri jua liliingia moja kwa moja hadi vitandani, kuta zikashika joto, na jioni chumba kilikuwa na tofauti kubwa na kile cha juu, ambacho dirisha lake lilifunguka kwenye uwazi wa ndani wa jengo. Anayekwenda miezi ya Juni hadi Agosti aombe dirisha la kaskazini kwa jina hilo hilo, asiseme tu kwamba anataka chumba chenye mwanga.

Bafuni kulikuwa na bomba la mvua lenye hita ndani ya kichwa chake, aina inayotumika sana katika sehemu hizo. Maji hupashwa moto yakipita, si kabla, na hapo ndipo penye kazi. Ukifungua koki yote, maji hupita haraka na hutoka ya uvuguvugu. Ukiifungua kidogo mno, hita haiwaki kabisa na unapata maji ya barafu. Kuna mahali pamoja tu, pembamba, ambapo maji hutoka machache lakini ya moto kweli, na ilinichukua asubuhi mbili kupajua. Usiguse kichwa cha bomba ukiwa umelowa. Mimi nilikigusa nikajaribu kukigeuza, nikahisi mtetemo wa umeme kwenye vidole, na nilipowaambia mapokezi walimleta fundi siku ile ile akabadilisha kipande cha waya. Walilishughulikia vizuri, ingawa jambo kama hilo lilipaswa kukaguliwa kabla ya mgeni kuingia.

Sasa nieleze usiku wa kwanza, kwa kuwa ndio ulionifanya niandike haya. Saa nane usiku niliamka nikamsikia dada yangu akivuta pumzi kadhaa nzito, kisha kimya, pumzi haipo, kisha akashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Hali hiyo ilijirudia tena na tena. Baadaye nilielezwa kwamba kupumua kwa vipindi usingizini ni jambo la kawaida katika mwinuko mkubwa, na hata wenye afya njema hupata, lakini saa ile sikujua. Niliteremka ghorofa nne nikamkuta kijana wa zamu ya usiku ameketi nyuma ya meza, macho kodo, na jiko dogo la gesi pembeni. Hakuniuliza maswali mengi. Alipanda nami, akamwita dada yangu "mamita", neno la heshima na upendo wanalomwitia mama yeyote, kama sisi tunavyomwita "mama" asiyetuzaa. Kwa Kihispania changu kidogo na ishara zake za mikono tulielewana: alimuuliza kama anakohoa, kama kifua kinabana akiwa amepumzika, kama anaweza kutembea mstari ulionyooka, na jina la mji aliotoka. Yalikuwa maswali ya mtu aliyefundishwa, maana kukosa pumzi hata ukiwa umetulia, kikohozi chenye povu, kuyumba au kuchanganyikiwa ndizo dalili za hatari zinazotaka mgonjwa ateremshwe na kupelekwa hospitali mara moja. Dada yangu hakuwa na hata moja. Kijana aliongeza mto chini ya mabega yake, akaleta chupa ya chai iliyojaa maji ya moto na majani ya koka, na akatuonyesha mtungi wa oksijeni uliowekwa mapokezi ili tujue upo. Hatukuuhitaji. Alirudi kubisha hodi saa kumi na moja alfajiri kuuliza hali.

Chai ya koka ni halali Bolivia na hunywewa na kila mtu, ina ladha ya majani makavu yenye uchungu kidogo. Mimi ilinituliza tumbo, kichwa hakikusikia. Majani hayo msiyabebe kuyarudisha nyumbani, kwa kuwa katika nchi nyingi yanahesabiwa kuwa dawa za kulevya, na chai yenyewe inaweza kuonekana katika kipimo cha mkojo.

Kifungua kinywa kilianza saa moja asubuhi: mkate wa marraqueta wenye ganda gumu, siagi, jamu, papai, yai na kahawa. Wageni wengine walilalamika kwamba kahawa si ya moto na mayai ya kuchemsha ni mabichi, lakini hilo halikuwa kosa la mpishi. Kwenye kimo kile maji huchemka kwa nyuzijoto 88 hivi badala ya 100, na hayapandi zaidi hata ukichochea moto kiasi gani, hivyo yai linahitaji dakika zaidi na maharage ni kazi ya jiko la presha. Mkate ulikuwa mzuri sana, wa asubuhi ile ile.

Usafi haukuwa na dosari. Intaneti ilifika mapokezi tu. Soketi ni za pini mbili, kwa hiyo plagi zetu za pini tatu bapa zinataka adapta, na karatasi ya chooni hutupwa kwenye ndoo, si ndani ya choo.

Kuhusu mahali ilipo, ramani husema ni dakika tano kutoka uwanja wa San Francisco, na ni kweli ukiwa unateremka. Kurudi kwa Mtaa wa Sagárnaga, ambao ni mkali kama ngazi, kulituchukua dakika 15 siku za mwanzo. Kilichotuokoa ni magari ya kamba ya Mi Teleférico, yaliyoanza kazi mwaka 2014. Kwa boliviano 3 ulipanda mstari mwekundu kutoka stesheni kuu hadi El Alto, ukiuangalia mji wote kama bakuli na mlima Illimani, wenye mita 6,438, ukisimama nyuma yake na theluji. Kelele zilikuwa kidogo isipokuwa usiku wa tarehe 15 Julai, ambapo wakazi huandamana na mienge kukumbuka uasi wa tarehe 16 Julai 1809 ulioongozwa na Pedro Domingo Murillo. Tarumbeta na ngoma zilisikika hadi usiku sana. Sikulichukulia kuwa kosa la hoteli, ila mgeni anayefika tarehe hizo akiwa na kichwa kinachogonga ni vizuri ajue.

Siku ya kulipa niliomba kuonana na mwenye hoteli, nikamweleza juu ya lifti na hita mbele ya yule kijana wa usiku, ambaye nilimsifu kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatupunguzia malipo ya siku moja, akaahidi kulirekebisha tangazo. Ningerudi pale, na dada yangu anasema hivyo hivyo, kwa sharti la chumba cha ghorofa ya kwanza chenye dirisha la kaskazini, na baada ya kulala kwanza siku mbili mahali palipo chini zaidi kama Cochabamba, ambayo iko kwenye mita 2,500 na kitu. Nililifungua tangazo wiki mbili baada ya kurudi Tanga. Neno la lifti lilikuwa limeondolewa. La vyumba vyenye joto lilikuwa bado lipo.