Vihisi vya Kumwangalia Mzazi Nyumbani: Anza na Visivyozimika Umeme Ukipotea

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, amenilalamikia kwamba mfumo aliomwekea babake ulimwarifu asubuhi kuwa mzee hajaamka, ilhali mzee alikuwa jikoni akichemsha chai gizani. Umeme ulikuwa umepotea alfajiri, ruta ikazimika, na akili unde iliyo kwenye seva za mbali ikauchukulia ukimya ule kuwa usingizi.

Mfumo wa aina hii hauoni mtu akipika. Hufuata mpangilio na saa za matukio, yaani kihisi cha chumbani, kisha cha ushoroba, kisha mlango wa friji, na kutokana na mazoea ya siku zilizopita hukisia kwamba kiamshakinywa kinaandaliwa. Matukio ya nusu saa yakipotea, makisio yote ya asubuhi hiyo huvurugika.

Kwa hiyo naweka mbele Aqara, kampuni ya vihisi vya nyumbani, wala sifichi mapenzi yangu kwao. Kihisi chao cha mwendo cha P1 na vile vya milango hutumia betri na mawasiliano ya Zigbee, yaani redio ya masafa mafupi isiyokula umeme mwingi, hivyo havihitaji ruta. Vipokee kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye programu ya Home Assistant na kipokezi cha Zigbee kilichochomekwa kwenye USB, ili taarifa zibaki nyumbani, kisha uiunganishe na UPS ndogo, yaani betri ya akiba inayoshika umeme ukipotea. Hapa soma maandishi yaliyo kando ya tundu la USB la UPS hiyo: nyingi hutoa ampea 2 kwa volti 5, ilhali kompyuta hiyo inashauriwa kupewa ampea 3, na ikipungukiwa huweza kujizima na kujiwasha katikati ya kurekodi.

Nafasi ya pili ni FP2, rada ya kampuni hiyohiyo, ambayo humtambua hata aliyeketi kimya kitini, jambo linaloishinda P1. Lakini hutegemea umeme wakati wote, na feni inayozunguka inaweza kuichanganya. Kamera naziweka ya tatu, kwa sababu hakuna mzazi anayestahili kupigwa picha akitoka kuoga. Vihisi vya bei rahisi vya Wi-Fi hunyamaza pamoja na ruta, basi viache.

Kinachoniudhi ni wauzaji wa vifaa vya elektroniki wa barabara ya Luthuli, Nairobi, wanaokuuzia kihisi cha Zigbee bila kipokezi, wakiapa kwamba kinajitegemea, kisha ukirudi wanakutajia bei ya kipokezi inayozidi ya kihisi chenyewe. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji azime ruta yake, upite mbele ya kihisi, kisha akuonyeshe palipoandikwa kwamba umepita.