Prosesa ya gari mu satelaiti ndogo: TMS570 njo natumia, naona hivi

Bandugu, benye kuuliza satelaiti ndogo inahitaji prosesa gani ili mionzi ya anga isiichanganye, mi naelezea paka ile niko nayo mu mikono, karti ya majaribio ya LaunchPad yenye prosesa TMS570LS1224 ya Texas Instruments. Kundi letu hapa Lubumbashi tunatengeneza ka-satelaiti ka kujifunzia, sanduku ya sentimita 10 kila upande, na kila mutu alikuwa anaimba RAD750, prosesa ya anga ya kuvumilia mionzi, eti njo iko mu Curiosity, ile gari-roboti kule Mars, na mu darubini ya James Webb. Ni kweli. Lakini ile kitu mwisho wake ni megahezi 200, bei batu banataja inapita dola 200,000 kwa karti moja, na tena Marekani haiachilie iende kwa kila mutu. Hii yangu haifike hata dola mia, ilipita Johannesburg na Kasumbalesa ikafika.

TMS570 ilitengenezwa kwa breki na usukani wa gari, pale kosa linaua mutu. Ndani iko na viini viwili, vyote vinafanya kazi ile ile, cha pili kinachelewa mizunguko 2 ya saa, kisha majibu yanalinganishwa. Ni sawa na bakambisti (bavunja pesa) bawili kuhesabu liasi (bunda) moja ya dola: hesabu zikiachana unajua kuna kosa, ila hujue ni nani amekosa, kwa hiyo unaanza upya. Ukitaka kujua nani, lazima wawe watatu wapige kura, na hiyo hapa haiko.

Memori njo ilinifurahisha sana. Kupitia modi yake ya majaribio niligeuza biti moja mu RAM, 0 iwe 1 kama mionzi inavyofanya, memori ikairekebisha yenyewe, programu ikaendelea tu, anwani ya kosa ikaandikwa mu rejista, basi. Nikageuza mbili mara moja, taa nyekundu ya ERR ikawaka palepale, kwa sababu biti mbili memori inazigundua lakini haizirekebishe.

Sasa usidanganyike, hii si prosesa ya kuvumilia mionzi. Chembe moja ikipiga vibaya inaweza fungua njia ya shoti ndani ya chipu, kuranti inapanda, inaungua, na viini viwili haviwezi saidia kitu. Sie tuliweka sakiti ya kukata umeme haraka kuranti ikizidi. Bila hiyo mi singeiamini.

Na wale benye kucheka kitu ya gari kwenda anga: Ingenuity, ile helikopta ya Mars, iliongozwa na TMS570 mbili, ndugu mukubwa wa hii, modeli LC43. NASA walipanga iruke mara 5, ikaruka mara 72. Tena 1977 Wajerumani wa OTRAG, kampuni ya roketi, walirusha roketi hapa hapa kwetu, wakati ule Katanga inaitwa Shaba, vali zake zikifunguliwa na mota za waipa za gari!

Kwa obiti ya chini, mwaka moja ao miwili, naichukua bila kufikiri. Kwa Jupiter hapana, hata RAD750 ya Juno, chombo kilichotumwa Jupiter, wameificha mu sanduku ya titani.

Kitu inasumbua: mu namba ya baiti nyingi, hii inatanguliza baiti yenye thamani kubwa, laptop inazisoma kinyume, ugeuze kabla ya kutuma data ya joto. Na HALCoGen, programu ya kuipanga, iko ya Windows tu, batu ba Linux mujipange.